Aliyemshika Jeruto Magoti

Mwaka ule wa themanini na nne, mvua ilipokataa kunyesha, Eldoret ilionja aibu ambayo haikuwahi kuiota. Mji uliozungukwa na mahindi pande zote, mji ambao malori ya mahindi kutoka Moi's Bridge yalikuwa yakiupitia yakimwaga punje barabarani bila mtu kuinama kuziokota, sasa ulipanga foleni kununua unga wa njano uliotoka ng'ambo. Watu waliusema vibaya unga huo. Walisema unanuka, walisema huko ulikotoka ni chakula cha kuku. Wakishamaliza kuusema, waliuliza foleni inaanzia wapi.

Alhamisi moja Nyaguthii alikuwa kwenye foleni hiyo tangu saa moja unusu, ilhali daftari la mahudhurio kazini lilionyesha kwamba yuko kwenye ghorofa ya tatu akiosha madirisha. Hakuwa mwizi wa saa za watu. Yeye na mwenzake Jeruto walikuwa wamepeana zamu: wiki hii mmoja anakwenda dukani, wiki ijayo mwingine. Anayekwenda anarudi na pakiti mbili, maana duka halikumuuzia mtu zaidi ya hizo, na kila mmoja anapeleka moja kwake. Anayebaki anatia sahihi mara mbili, anafagia mara mbili, na msimamizi akiuliza anajibu kwamba mwenzake ameingia chooni. Kwa miezi miwili msimamizi aliamini kwamba wanawake wale wana matumbo mabovu.

Siku hiyo foleni ilikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Nyaguthii alipozipata pakiti zake ilikuwa saa tano kasorobo, na badala ya kuudhika alifurahi, kwa sababu waliokuwa nyuma yake waliambiwa warudi kesho. Alikwenda mbio mbio, pakiti moja kila kwapa, akifikiria jinsi Jeruto atakavyomcheka kwa jasho lile. Alipoona watu wamejaa mbele ya jumba la ofisi walilolisafisha alidhani wamekamata mwizi. Akapenya. Chini palikuwa na mtu aliyefunikwa kwa pazia la ofisi, miguu imebaki nje, na miguu hiyo ilikuwa na raba nyeusi ambazo yeye na Jeruto walinunua siku moja, kwa mchuuzi mmoja.

Waweru, msimamizi wao, alimwona amesimama na unga wake. Alimsogelea, akasema polepole bila kumtazama usoni, "Pita mlango wa nyuma. Weka hiyo unga stoo, uvae apron."

Nyaguthii alifanya kama alivyoambiwa. Hilo ndilo lililomchoma baadaye kuliko mengine yote, kwamba rafiki yake alikuwa amelala barabarani naye akaenda kuvaa apron.

Kazi ile ilikuwa na utaratibu wake. Madirisha ya jumba yalikuwa ya chuma, upande mmoja unafunguka na upande mwingine umekazwa. Kile kioo kilichokazwa hakikufikika kwa nje ila mtu akae kwenye ukingo wa dirisha, mgongo barabarani, miguu ndani, kisha anyooshe mkono wenye kitambaa. Kwa hiyo waliosha wawili wawili. Mmoja alikaa nje, na mwenzake alipiga magoti ndani ya chumba, akayakumbatia magoti ya aliye nje na kuyalalia kwa kifua chake chote. Wenyewe waliuita utaratibu huo kushika magoti. Kamba iliahidiwa na kampuni tangu mwaka wa kwanza, na kila Desemba waliahidiwa tena.

Aliye nje haoni kinachopita chini. Anaona kioo, na ndani ya kioo anaona karani anayejifanya anaandika. Anayeona barabara ni yule wa ndani, kupitia ule upande uliofunguliwa. Basi Nyaguthii akawa na desturi ya kumsimulia Jeruto mji: sasa anapita mwalimu wa Kapseret na kofia mpya, anatembea kama aliyeachiwa benki, sasa mke wa mwenye bucha anagombana na mtu wa viazi, tena anashindwa. Kicheko cha Jeruto kilianzia magotini. Nyaguthii alikihisi kifuani mwake kabla hajakisikia. Walipobadilishana nafasi, Jeruto hakuwa na faida, maana hakuweza kusimulia barabara hata dakika mbili. Aliisahau, akaanza habari za kwao Kesses, za mama yake na watoto wake wawili, Chepkoech na Kibet, ambao baba yao alikwenda Kitale kutafuta kazi akapotelea huko. Miaka sita ya namna hiyo. Nyaguthii alikuwa amekwenda kwa kina Jeruto mara tatu tu, lakini aliijua nyumba ile kama aliyeolewa humo.

Wao wawili walikuwa na sheria yao pia. Anayebaki peke yake haoshi nje. Anapiga deki, anafuta meza, anaosha vioo kwa ndani, na vya nje vinangoja mwenzake arudi.

Jioni hiyo Nyaguthii alimweleza mumewe kila kitu. Ephantus alikuwa fundi wa viatu, mtu wa maneno machache, ambaye kwa miaka kumi alikaa na kisanduku chake karibu na posta, akiwashonea watu wa kila kabila. Alisikiliza huku Muthoni, binti yao, akisonga ugali wa njano. Hakulaumu. Alisema tu kwamba ile pakiti ya pili isifunguliwe, ina mwenyewe, hata kama mwenyewe hayupo.

Hapo ndipo Nyaguthii alipolia.

Kesho yake Waweru alimwita stoo na kufunga mlango. Alikuwa kijana mwenye tai moja, na siku hiyo hakuifunga. Aliongea kama mtu anayehesabu hatua juu ya matope. Alisema saa nne alipanda juu na kumkuta Jeruto anapiga deki. Wakili wa chumba cha mwisho alikuwa amelalamika kwamba vioo vyake vina vumbi la juma zima. Waweru alimwuliza kwa nini madirisha ya nje hayajaguswa, mwenzake yuko wapi, naye akajibu kwamba ameingia chooni.

"Mimi nikamwambia, basi akitoka mfanye haraka, nikirudi nipate yameoshwa," Waweru alisema. "Sikumwambia atoke nje peke yake. Mungu ananiona."

"Angeningojaje?" Nyaguthii alisema. "Alijua ukirudi upate hayajaoshwa na mimi sipo, nitafutwa."

Waweru alisema afisa wa leba, mtu wa serikali, atakuja Ijumaa ijayo kuandika maelezo. Daftari linasema walikuwa wawili. Kama walikuwa wawili, kazi ilifanywa kama inavyotakiwa, ni ajali, na watoto wa Jeruto watapata fidia yao. Lakini ikijulikana kwamba alikuwa peke yake, ametia sahihi ya uongo, na ametoka nje bila wa kumshika, basi kosa ni lake mwenyewe na watoto hawapati kitu. Kama ndivyo sheria ilivyosema, au ndivyo Waweru alivyotaka iseme, hapakuwa na mtu stoo mle mwenye kitabu cha kumpinga.

"Wewe sema ulikuwa umemshika," alisema. "Sema mikono iliteleza. Kulikuwa na sabuni. Mtu yeyote anaweza kuteleza."

Nyaguthii alimwangalia. Kijana wa watu alikuwa anaokoa ngozi yake, hilo hata kipofu angeliona. Lakini ndani ya lile alilolisema mlikuwa na watoto wawili, na watoto hao Nyaguthii aliwajua mpaka saizi za viatu.

Mazishi yalikuwa Jumanne, kule Kesses. Wenzao wa kazi walikwenda wote na apron zao za buluu, wakasimama pamoja kando ya kaburi. Nyaguthii alipeleka ile pakiti jikoni kwa wanawake waliokuwa wakipika. Mmoja aliipokea bila kuuliza imetoka kwa nani, akaifungua kwa meno, akaumwaga unga kwenye sufuria pamoja na mwingine. Nyaguthii alisimama pale kidogo, akitamani mtu amwulize.

Mama Jeruto alimwona mwishoni, watu walipokuwa wakitawanyika. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye shuka begani. Alimshika mikono yote miwili na kuiweka kifuani pake. Alimwambia kwamba Jeruto alikuwa akirudi na jina lake mdomoni kila siku, Mama Muthoni amesema hivi, Mama Muthoni amecheka vile, mpaka watoto wakalizoea kama jina la shangazi. Alimwambia asipotee. Hii nyumba ni yake. Watu wakishaondoka, aje wakae wawili wamzungumze Jeruto, kwa sababu wanaume wa boma lile walikuwa wameanza kunyamaza, na yeye hakutaka kunyamaza.

Nyaguthii alirudi Eldoret na maneno hayo. Kwa siku tatu ndiyo yaliyomshikilia. Alijua alichokitaka yeye mwenyewe: alitaka kuketi katika nyumba ile, na mama yule, azungumze na kusikia habari za Jeruto mpaka koo likauke. Hakutaka fidia ya mtu wala sifa ya mtu. Na alijua pia kwamba akisema mbele ya afisa kwamba alikuwa amemshika, atakuwa ndiye aliyemwachilia.

Alhamisi jioni Ephantus alizungumza zaidi ya alivyozungumza mwaka mzima. Alisema aende aseme ukweli, afutwe, watakula cha viatu. Nyaguthii akamwuliza watoto wa Jeruto watakula cha nani. Ephantus akasema si yeye aliyewazaa.

"Mchuma janga hula na wa kwao," alisema. "Ukikubali ulimwachilia, si wewe peke yako. Ni mimi hapo posta. Ni Muthoni huko shule. Hawa watu wa Jeruto ndio wananiletea viatu. Watasema nini? Watasema bibi ya Ephantus alimwacha mtoto wao akaanguka, na watasema na kabila letu."

"Alisema niko chooni," Nyaguthii alijibu. "Mpaka mwisho alisema niko. Mimi ndio niseme sikuwa?"

Ephantus alichukua kiatu kilichokuwa kando yake akaanza kukigeuza geuza, ingawa hakikuwa na tundu.

Afisa wa leba alikuja saa nne na mkoba wa ngozi, beji ya chama kifuani. Aliketi katika ofisi ya Waweru chini ya picha ya Rais. Kipyego, kaka yake Jeruto, alikaa kwenye benchi ukutani kwa niaba ya familia, kofia mapajani. Nyaguthii hakupewa kiti. Afisa aliuliza jina, kitambulisho, na miaka ya kazi, akaandika taratibu kwa mwandiko wa mapambo. Kisha akauliza alikuwa wapi wakati wa tukio.

"Nilikuwa nimemshika magoti."

Afisa aliuliza kwa mkono gani. Kwa yote miwili. Aliuliza ilikuwaje basi. Nyaguthii alisema sabuni ilikuwa imemwagika kwenye ukingo, Jeruto alinyoosha mkono kufikia kona ya juu, akateleza, na yeye hakuweza kumzuia. Alishangaa jinsi ilivyomtoka. Alikuwa ameiona mara nyingi sana tangu Alhamisi ile, amepiga magoti, amekumbatia, amekaza, hata ikawa kama anakumbuka. Tofauti ilikuwa moja tu: alipoiwaza usiku, hakumwachilia.

"Kwa hivyo alikuponyoka," afisa alisema akiandika.

"Aliniponyoka."

Kipyego aliinua kichwa. Alimtazama Nyaguthii, kisha akaitazama mikono yake, kisha akavaa kofia mle mle ofisini, mbele ya afisa, na kutoka nje.

Habari mbaya haihitaji redio. Jumatatu kazini hakuna aliyetaka kuosha madirisha pamoja na Nyaguthii. Hawakusema. Kila mmoja alikuwa tayari ameshapata mwenzake, na mmoja wao, mama mtu mzima aliyesali naye kanisa moja, alijibu kwamba siku hizi miguu inamuuma akikaa nje. Waweru, ambaye kazi yake ilikuwa imepona, alimshusha Nyaguthii kusafisha vyoo vya chini. Alijaribu kumshukuru, akaona uso wake, akaacha. Ijumaa Kipyego alifika kwa Ephantus karibu na posta kuchukua buti alizoacha zishonwe. Mshono ulikuwa umebaki nusu. Alizichukua hivyo hivyo, akazitia chini ya kwapa, na akalipa kazi yote, jambo lililomuumiza Ephantus kuliko kama angemtukana. Nyumbani Ephantus hakusema, "Nilikuambia." Alimwambia tu kwamba Jumapili, akienda Kesses, avae sweta, kule kuna baridi.

Nyaguthii alikwenda. Angeweza kutokwenda, na watu wote wangemwelewa. Lakini aliitwa, na hamu ilikuwa imemzidi aibu. Njiani alijiambia kwamba mama ni mama. Labda Kipyego amekasirika kwa sababu ni mwanaume, naye yule mwanamke atamkaribisha kama alivyoahidi, amtilie maziwa, wamzungumze mtu wao.

Mama Jeruto alimkaribisha. Alimpa kiti, akampa mursik, maziwa ya mgando, kwenye kikombe cha bati, akawatuma watoto wakatafute kuni. Chepkoech alikuwa amesimama mlangoni akitabasamu, naye alipita akamgusa Nyaguthii bega kabla hajatoka. Kisha wakabaki wawili.

"Kipyego ameniambia vile ulisema kwa ofisi," alianza. "Mimi nataka kusikia na masikio yangu. Ulikuwa umemshika?"

"Nilikuwa nimemshika, Mama."

"Hakuwa peke yake."

"Hakuwa peke yake."

Mwanamke yule alifumba macho. Mabega yake yalishuka polepole. Alisema hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Kila akilala aliona dirisha, na mtoto wake amekaa nje peke yake, anaita na hakuna wa kuitika. Sasa anajua kulikuwa na mtu. Alifuta macho kwa pindo la shuka, akamwegemea Nyaguthii.

"Alisema nini?"

Afisa hakuwa ameuliza hilo. Waweru hakuwa amelifikiria. Nyaguthii angeweza kujibu kwamba walikuwa kimya, lakini huo ungekuwa uongo mkubwa kuliko wote, maana hakuna dirisha ambalo yeye na Jeruto waliwahi kuliosha kimya. Basi akachukua maneno ya siku nyingine. Yalikuwa ya Jeruto, ya kweli kabisa, ila hayakuwa ya Alhamisi ile.

"Alikuwa anakusema wewe, Mama. Alisema kila asubuhi ukienda kukama unagombana na yule ng'ombe mweupe, unamwambia ana roho ya dada ya bwana yako. Alisema ng'ombe anakusikiliza mpaka mwisho, halafu anapiga ndoo teke. Akasema, huyo mama yangu akishindwa na ng'ombe anakuja kunimalizia mimi. Alikuwa anacheka."

Mama Jeruto alicheka. Kilimtoka bila kuombwa, kicheko cha chini kilichomtikisa mwili kabla ya kupata sauti, na Nyaguthii, aliyekijua kicheko hicho kwa miaka sita, ilibidi atazame ukutani. Kilipoisha kilikuwa kilio. Walikaa hivyo. Nyaguthii alijua hii ndiyo saa aliyokuwa akiililia.

"Ni yeye," mama alisema mwishowe. "Ni yeye kabisa. Alikufa akicheka?"

"Akicheka, Mama."

"Asante. Umeniletea kitu kubwa." Alichukua kikombe cha Nyaguthii, akakiona kimeisha, akakiweka chini bila kukijaza. "Sasa nitakuambia, na usikasirike. Usikuje hapa tena."

Nyaguthii alikitazama kile kikombe kitupu.

"Sikulaani. Kwa kanisa nitakuombea, wewe na bwana yako na mtoto. Najua hukutaka. Lakini nikikuona naangalia hiyo mikono. Tangu uingie naiangalia. Najiuliza kwa nini haikukaza. Hata ukinywa maziwa najiuliza."

Neno lilikuwa limefika mdomoni. Lilikuwa neno moja tu, sikuwepo, na lingemrudisha kwenye kiti kile Jumapili zote. Lakini likitoka, Jeruto atarudi dirishani, peke yake, anaita, na mama huyu atalala na picha hiyo mpaka mwisho wa siku zake. Na barua ya fidia ilikuwa bado iko mezani kwa mtu, haijatiwa sahihi. Nyaguthii alilimeza neno lile.

"Sawa, Mama," alisema.

Alisimama, akafunga vifungo vya sweta. Mama Jeruto alimsindikiza hadi mlangoni kama desturi inavyotaka, lakini hakumpa mkono. Nyaguthii akashika njia ya kwenda barabarani. Alikuwa na habari nyingine za Jeruto, za miaka sita, na nyumba pekee iliyozitaka ndiyo hiyo aliyoipa mgongo.